Jina Moja Tu Lilibaki Mdomoni

Sogea karibu kidogo, mimi siku hizi siongei kwa nguvu. Naongea pole pole, kama mtu anavuka mto kwa mawe: nakanyaga moja, natulia, nakanyaga ingine. Lakini navuka. Hiyo ndiyo habari nzuri, na nimeitanguliza ndio usiogope nikifika kwa ile mbaya.

Mimi ni Nafula, kukhu wa Kitale. Kukhu ni nyanya, kwa lugha yetu ya Bungoma. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu ng'ombe wakanihitaji kuliko mwalimu. Haya maneno nimeyaandika na mkono wa kushoto kwa kitabu ya mazoezi, na Mercy, bibi ya kijana wangu, ananyoosha mahali imepinda. Nimemwambia aache kidogo ikiwa imepinda, ndio watu wajue ni mimi.

Kuna daktari wa ubongo ameandika habari yangu pia. Ni mama bado kijana, ana miwani na viatu vya kutembea. Anazunguka hospitali zetu za huku akiuliza watu wamepigwa na stroke ilianza namna gani, nani alikuwa karibu, walifanya nini kwanza. Halafu anaandika, inachapishwa, inasomwa na madaktari wa mbali. Sawa. Yeye ameandikia hao. Mimi naandikia wewe uko na mama yako hapo nyumbani, na leo asubuhi kikombe kimemponyoka.

Yangu ilikuwa maharagwe.

Ilikuwa kiangazi. Shamba lilikuwa limelimwa, udongo uko wazi unangoja mvua, na upepo wa Kitale ule wa vumbi jekundu ulikuwa umetulia siku hiyo. Nimekaa nje kwa jua nachagua mbegu, mbaya huku, nzuri huku. Naimba hata. Dawa ya presha nilikuwa nimeiacha tangu Krismasi kwa sababu sikuwa naumwa mahali. Si ndio sisi sote? Mtu haumwi, anameza dawa ya nini?

Basi maharagwe ikaanza kuanguka. Naokota, inaanguka. Naokota, inaanguka. Nikaangalia mkono wangu wa kulia, nikaona ni kama mkono wa mtu mwingine, ameuwekelea kwa mapaja yangu akaenda zake. Sikusikia uchungu, na hapo ndipo hii ugonjwa inadanganya watu. Nilisikia vizuri! Nilikuwa kama mtoto amefungwa mgongoni kwa leso, jua linampiga kwa kisogo, mama anatembea, usingizi unakuja. Kila kitu ilikuwa inang'aa kidogo pembeni. Kuku walikuwa wanatembea kama wako ndani ya maji.

Mercy akatoka jikoni. "Mama, nikuletee chai?"

Nilitaka kumwambia lete, na uweke majani usiogope. Ikatoka: "Nasimiyu."

"Nani?"

"Nasimiyu."

"Mama, ni mimi, Mercy."

"Nasimiyu, Nasimiyu! Nasimiyu." Hapo nilikuwa namgombeza, namwambia aangalie maharagwe inaliwa na kuku. Mimi masikio yangu yalisikia maneno sawa sawa. Kumbe nje ilikuwa inatoka hilo moja tu.

Sasa lazima nikuambie Nasimiyu ni nani, ama hutaelewa kwa nini nyumba yote ilitetemeka.

Sisi kwetu wengi tunaitwa kwa msimu. Ukizaliwa mvua ikinyesha wewe ni Nafula. Wakati wa kuvuna, Nekesa. Kiangazi, Nasimiyu. Mzee wangu alioa mvua kwanza, halafu akaoa kiangazi. Nasimiyu alikuwa mke mwenzangu. Tuliishi boma moja huko Sirisia, jikoni yangu hapa, yake pale. Na vita yetu, usicheke, ilianza na kuku. Kuku wake aliingia jikoni kwangu akalalia mayai chini ya kuni. Akaangua kumi na mbili. Mimi nikasema vifaranga ni vyangu, vimezaliwa kwangu. Yeye akasema tumbo ni ya kuku wake. Ilikuwa vile mchezo tu. Halafu haikuwa mchezo. Mzee alipokufa, kijana wangu Wekesa akanileta huku Kitale kwa ile shamba ingine, na mimi nikaapa sitakanyaga Sirisia. Nasimiyu naye akafa. Wakatuma ujumbe. Nikasema mguu unauma, siwezi kusafiri. Mguu ulikuwa mzima kabisa, ungetembea mpaka Uganda.

Na hakuna mtu aliniambia alikufa na nini, kwa sababu sikuuliza.

Kwa hivyo jua likiwa linapanda, Mercy ameita Wekesa kutoka kwa ng'ombe, Wekesa amesimama mbele yangu na gumboot zake, na mama yake anamwita kwa jina la yule marehemu ambaye hakumzika. Uso wake ulibadilika rangi. Kwetu jina la mtu amekufa halitajwi ovyo. Likikuja lenyewe mdomoni mara nyingi hivyo, ni mwenyewe amekuja. Anataka kitu.

"Amekuja kumchukua," Wekesa akasema.

Kwa ua kulikuwa na Mama Shiro, jirani yetu, watu wao walitoka Nyeri zamani. Alikuwa ameinua shingo kama twiga. "Wewe Wekesa! Huyo mama mdomo imeenda kando. Peleka yeye hospitali!"

"Mama Shiro, hii ni maneno ya nyumbani."

"Ya nyumbani gani na hospitali iko hapo? Si ukisimama kwa choo yako unaona paa yake!"

Na ni kweli. Unaiona. Lakini Wekesa alikuwa ananipenda, na mtu akipenda sana na akiogopa sana, anakimbia kule moyo umeangalia. Wakaazima pikapu ya jirani ya kubeba maziwa. Wakakimbiza kuku, ile nyeupe yangu ya kutaga, kwa sababu kama vita ilianza na kuku ilipwe na kuku. Wakanilaza nyuma kwa godoro katikati ya mikebe ya maziwa. Tukapita mbele ya geti ya hospitali. Nililiona. Nikasema, "Nasimiyu," yaani simama. Wekesa akafunga macho akaomba.

Hiyo safari, sijui nikuambie namna gani. Ilikuwa nzuri. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Mikebe ilikuwa inaimba. Kuku alikuwa amefungwa miguu karibu na sikio langu, anapumua, na macho yake ilikuwa ya mviringo, ya kunihurumia. Juu ni mbingu tu, inateremka pole pole na sisi. Tulipofika Kamukuywa na gari ikapunguza kwa daraja, nikasikia maji, na hapo ndipo niliona maneno yangu. Usiniulize kama ni ndoto. Yalikuwa yamesimama ng'ambo ya mto kama watu wametoka kanisa. Chai ilikuwa hapo. Jembe. Mercy. Sukuma wiki. Jina la mama yangu. Yote yamevaa vizuri, yananipungia mkono, na hakuna hata moja lilikuwa na haraka ya kuvuka. Upande wangu nilibaki na mmoja, Nasimiyu, amekaa kwa jiwe ameshika kidevu, ananiangalia tu.

Sirisia tulifika jua limeshaanza kulala upande. Wakanishusha karibu na kaburi, chini ya ndizi. Wekesa amesimama na kuku kwa mkono, anatafuta maneno ya kuomba msamaha. Ndipo Nelima akatokea.

Nelima ni msichana wa Nasimiyu. Nilimwacha akiwa bado anaenda shule. Sasa ni mama mnene, ana jembe begani na matope mpaka magoti.

"Wekesa? Mmemleta hapa kufanya nini?"

"Mama yako anamwita. Tangu asubuhi."

"Mama yangu?" Nelima akaweka jembe chini. "Mama yangu akiwa hai hakumwita hata kwa kikombe ya chai. Ndio amwite akiwa amekufa?"

Halafu akanikaribia. Akachuchumaa. Alikuwa na macho ya mama yake, yale ya kuhesabu vifaranga. Akasema pole pole, "Mama Nafula, inua mikono yako yote miwili."

Mmoja ukaenda juu. Ule mwingine ukabaki kulala kwa nyasi.

Nelima akapiga kelele mpaka ndege wakatoka kwa ndizi. "Wekesa! Weka huyo kuku chini! Hivi ndivyo mama alienda! Hivi hivi, mdomo hivi, mkono hivi, na sisi tukangoja kuche! Rudisha yeye kwa gari! Sasa hivi!"

Kwa hivyo nilijua Nasimiyu alikufa na nini nikiwa nimelala kwa kaburi yake. Nilikuwa nataka kusema pole. Unajua nilisema nini.

Bungoma hospitali walitupokea. Sitakuambia maneno ya mashine na sindano, hiyo ni kazi ya daktari wangu wa miwani. Nitakuambia ya benchi. Nelima ananishikilia upande mmoja nisianguke, mate inatoka upande ule umelegea, anapangusa na leso yake ya kichwani. Wekesa amekaa mwisho wa benchi na koti imefura. Askari akaja.

"Mzee, hiyo ni nini inasonga ndani ya koti?"

"Ni kuku."

"Kuku ya nani?"

"Ya mgonjwa."

Askari akaniangalia. Akaangalia kuku, imetoa kichwa kwa kola. Akasema, "Sawa, lakini isipande kitanda." Nilicheka! Upande mmoja tu wa uso, lakini nilicheka, na Nelima akaniona nikicheka. Huyo askari sijui jina lake, namuombea mpaka leo.

Daktari wa zamu aliuliza ilianza saa ngapi. Wekesa akamwambia. Akauliza, na hapo katikati mlikuwa wapi? Wekesa akaangalia sakafu. Daktari hakumgombeza. Aliandika tu, lakini niliona bega lake likishuka, na Wekesa pia aliona. Tangu hapo kijana wangu hakuingia wodi. Alikuwa anakuja kila siku, anakaa nje kwa ukuta, anatuma uji na Mercy.

Wodi ilikuwa ni kulala na kuamka kwa mahali pamoja. Dirisha, pazia ya kijani, jua linatembea kwa ukuta kama mtu mzee. Nilijikojolea. Naandika hivyo wazi kwa sababu najua wewe pia imekupata na unaona haya. Nelima ndiye alikuwa ananiosha. Mtoto wa yule mwenye vifaranga, ananigeuza, ananipaka mafuta kwa mgongo, ananitania. "Mama, wewe ni mzito kama gunia ya mahindi haijakaushwa." Na mimi sina namna ya kumjibu. Mimi! Mimi mwenye nilikuwa naweza kuongea kutoka kupalilia mpaka kuvuna.

Siku moja mtoto wa mgonjwa wa kando akapiga chafya. Mimi mtoto akipiga chafya karibu nami lazima nimwambie "kua", ndivyo mama yangu alikuwa ananiambia, hata mbuzi nawaambia. Nikafungua mdomo. "Nasimiyu." Mama yake akageuka akasema kwa heshima, "Hapana, kukhu, anaitwa Brian."

Usiku wa moyo wangu ulikuwa hapo. Si mkono, si mguu. Ni kwamba hata kubariki mtoto siwezi.

Yule daktari wa miwani alikuja na picha zake wakati mvua ya kwanza ilikuwa inapiga mabati. Alijitambulisha vizuri. Alisema anataka kujua watu wa huku wakipigwa na stroke wanapitia njia gani kabla ya kufika hospitali, na maneno ikipotea inarudi namna gani, na kama nimekubali niguse karatasi na kidole. Nikagusa. Akaanza kunionyesha picha. Kijiko.

"Nasimiyu."

Ng'ombe. "Nasimiyu."

Nyumba. "Nasimiyu."

Akaangalia Nelima. "Huyu Nasimiyu ni nani?"

"Ni mama yangu," Nelima akasema. "Mama yangu ameshakuwa kijiko, ng'ombe na nyumba, na bado hajalipwa vifaranga zake."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akamwambia Nelima jambo moja: kuna maneno yako ndani sana, mtu hayatafuti, yanatoka yenyewe. Nyimbo. Kuhesabu. Maombi. "Hata matusi," akasema.

"Matusi?" Macho ya Nelima ikawaka. Daktari alipoondoka, akasogeza kiti. Akakunja mikono. "Mama Nafula. Mama yangu alikuwa anasema wewe palizi hujui. Alikuwa anasema shamba lako mtu anaweza kuficha ng'ombe kwa magugu. Alikuwa anasema ugali yako inaliwa na kijiko. Alikuwa anasema wale vifaranga uliwaiba mchana kweupe na ukawaita jina..."

"Mjinga!"

Wodi yote ikageuka.

"Mjinga wewe!" nikasema. "Mjinga!"

Nelima akaruka juu. Alicheza, bana, katikati ya vitanda, mikono hewani, akiimba, "Ameniita mjinga! Mama ameniita mjinga!" Muuguzi alikuja akikimbia akidhani kuna mtu amekufa. Wagonjwa walipiga makofi, hata yule wa mguu umeninginizwa. Mercy akatoka mbio kwenda kwa ukuta kumwambia bwana yake. Na mimi nalia nacheka nasema mjinga, mjinga, kama mtu amepata maji.

Baada ya hapo yakaanza kuvuka. Moja moja. Chai ilivuka wakati wa kupanda mahindi, nikiwa nimesharudi Kitale. Mercy ilivuka wakati wa palizi ya kwanza. Mama Shiro alikuwa ananiletea bakuli ya mahindi na maharagwe mabichi imechanganywa, ananiambia nitenganishe na mkono wa kulia. "Ukimaliza tunachanganya tena," anasema, "na ukikataa tunapika githeri." Kliniki ilikuwa kila wiki, halafu kila wiki mbili. Benchi ya kliniki nimeijua kama shemeji. Kuna mzee tulikuwa tunakutana, amepigwa upande wa kushoto na mimi kulia, tukikaa pamoja anasema sisi wawili ni mtu mmoja mzima. Dawa ya presha nameza sasa kila asubuhi, niumwe nisiumwe. Sikia hiyo vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo. Lile jina halikuwa limetoka njiani. Nikilisema, hata kwa hadithi tu, mlango unafunga. Mara ya kwanza ilifunga kutoka chai ya asubuhi mpaka jioni: kila kitu Nasimiyu, Nasimiyu. Mara ya pili, siku mbili nzima. Niliogopa mpaka jasho. Kwa hivyo nikaacha kulisema. Nikawa nasema "yule wa Sirisia", nikizunguka kama mtu anazunguka shimo. Niliweka nadhiri ndani yangu: mwenzangu, nimekuheshimu, lakini mdomoni mwangu hutaingia tena.

Mahindi ilipotoa nywele, daktari alikuja nyumbani na karatasi zake zimechapishwa. Alikuwa ameahidi kwamba kabla hatujasahau atatusomea. Tukakaa nje, pale pale pa maharagwe. Wekesa akasimama mbali, ameegemea mti wa ua, kofia kwa mkono. Alijua mahali pake pako ndani ya hiyo karatasi. Alikuwa hajalala vizuri tangu Bungoma, tangu lile bega la daktari wa zamu.

Daktari alikuwa anasoma Kizungu kimya kimya halafu anatuambia kwa Kiswahili. Jina langu halikuwemo. Nilikuwa mwanamke mmoja, mkulima. Nikamwambia hiyo ni haki, wakati huo hata mimi sikuwa nalo. Halafu akafika kwa safari. Pikapu, kaburi, kuku. Wekesa akainamisha kichwa.

"Wengi wameandika kwamba familia za huku huwa zinachelewa," daktari akasema. "Mimi sikuandika hivyo. Nimeandika kwamba hii familia haikuchelewa hata kidogo. Walipata gari, walifunga safari, walikimbia. Walikimbia mahali si penyewe, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amewaambia penyewe ni wapi. Hiyo ni kazi yetu sisi, si kosa la kijana."

Wekesa alivaa kofia, akavua, akavaa. Halafu akaja akakaa chini kwa udongo karibu na mguu wangu, mwanaume mzima wa ng'ombe saba, na akaweka kichwa kwa magoti yangu. Nikamwekelea mkono. Wa kulia. Ulifika wenyewe.

Wakati huo Mercy tumbo ilikuwa imeonekana hata kwa kipofu.

Mercy ni wa mlimani, wa kule juu Elgon. Jioni akimenya viazi tulikuwa tunabishana. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, kukhu wake anamshika, anaita majina ya watu wa ukoo waliolala. Jina mtoto atanyamazia, hilo ndilo lake.

"Kwetu hatungoji anyamaze," Mercy akasema. "Tunangoja apige chafya."

"Chafya! Si hata pilipili inaweza kumpa jina?"

"Na kwenu si hata titi inaweza kumnyamazisha?"

Nikashindwa. Lakini usiku huo niliwaza. Ni mimi nitaita. Hakuna kukhu mwingine. Nikaanza kufanya mazoezi na kuku, nawaita majina ya marehemu wetu mmoja mmoja: Wanyonyi, Nanjala, Barasa, Nekesa. Yote yalikuwa yamevuka. Niliyahesabu kama mbegu. Moja tu nililiacha kwa mto.

Msichana alizaliwa mahindi ikiwa imekauka shambani, watu wanakata. Alitoka hospitali mzima, muuguzi alimpima akasema hana shida. Lakini siku ya tatu, tangu kunywa chai, analia. Titi anakataa. Amefungwa, amefunguliwa, amebebwa, analia. Nelima alikuwa amekuja kutoka Sirisia na yule kuku wangu mweupe, aliyebaki naye tangu hospitali, na vifaranga tisa kwa kikapu, akaviachilia, na hao wakaingia moja kwa moja jikoni kwangu. Mama Shiro kwa ua. Wekesa kwa mlango.

"Mama," Mercy akasema. Macho yake ilikuwa nyekundu. "Mwite."

Nikakaa. Wakanipa mtoto kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukasaidia. Nikaanza. Nikaita Nekesa, kwa sababu ni kuvuna. Analia. Nikaita Nanjala. Nikaita mama yangu. Nikaita mashangazi, nikaita wale wa mbali hata nyuso sijui. Nilikuwa natamani nikubakishe hapo nikusimulie yalivyokuwa matamu kutoka, moja baada ya ingine, bila kukwama. Lakini mtoto alikuwa analia mpaka kidevu kinatetemeka, na majina yakaisha.

Yakaisha yote isipokuwa moja.

Nelima hakuniangalia hata, alikuwa anaangalia vifaranga. Alijua. Wekesa akasema, "Mama, wacha. Usijilazimishe. Tutampa la kanisani."

Nikaona mto. Nakuambia nilikuwa nimekaa kwa kiti na niliona mto. Yule bado yuko kwa jiwe, kidevu mkononi, hana hasira. Alikuwa ananingoja muda huu wote, na mimi ndiye nilikuwa namzunguka. Nikawaza, kama mlango utafunga, ufunge. Nimeongea vya kutosha. Huyu hajaanza.

"Nasimiyu," nikasema.

Mtoto akakata kilio. Pap. Kama mtu amefunga mfereji.

Na unajua hakuna mtu alimwangalia? Wote waliangalia mdomo wangu. Nelima ameshika kifua. Mama Shiro shingo ndefu. Mimi nikaingia ndani yangu kutafuta neno, lolote, nikakuta kimya tu, kweupe, kama asubuhi ya ukungu shambani. Sikusukuma. Nikakaa nacho, nikimwangalia mtoto.

Akafungua macho. Akakunja pua, ile pua ya mlimani ya mama yake, akapiga chafya, ndogo kama ya paka.

"Kua," nikasema. Lilitoka lenyewe, hata sikulitafuta. "Kua, mama. Kua, Nasimiyu. Kua."